Kwenda Saa 15, Kurudi Saa 14

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, pana kilomita 11,800 na ushei. Umbali huo hauna upendeleo: ni uleule unapokwenda na ni uleule unaporudi. Lakini itazame ratiba. Kwenda ni kama saa 15 angani, kurudi ni kama saa 14. Ndege ni ya aina ileile, Boeing 787, injini zake ni mbili zilezile, na marubani wamefuzu mafunzo yaleyale. Hata hivyo saa nzima huongezeka upande mmoja na kupungua upande wa pili.

Nimeitafakari saa hiyo kwa muda mrefu, nami naamini ina neno la kutuambia sisi tunaopenda kuwapima watu kwa siku waliyofika. Nani alimaliza chuo mwanzo, nani alijenga mwanzo, nani ameolewa na nani bado yuko kwao. Maswali haya huulizwa harusini na matangani, mara nyingi kwa nia njema. "Wewe na mtoto wa fulani si mlikuwa darasa moja? Mwenzako sasa ana nyumba yake." Anayeulizwa hutabasamu, akajibu Mungu ni mwema, kisha neno lile likalala naye usiku kucha. Tunasahau kwamba umbali mmoja hauzai muda mmoja. Yako mambo yanayoingia kati, na safari hii ya Nairobi na New York huyaonyesha yote.

La kwanza ni njia. Niliwahi kuketi karibu na mama mmoja wa Murang'a, aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Taa zilikuwa zimezimwa, abiria wengi wamejifunika blanketi hadi masikioni. Yeye alikuwa macho, amekikazia macho kile kioo kidogo kilicho mgongoni mwa kiti cha mbele, ambapo picha ya ndege nyeupe ilikuwa ikisogea juu ya ramani. Kila baada ya muda maandishi yalibadilika: kimo, kasi, baridi ya nje, muda uliobaki.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti ya chini, "Amerika si iko magharibi? Mbona hawa wanatupeleka jangwani?"

"Ndiko kuliko na njia, mama. Hapo chini ni Chad."

"Chad? Si wangepita Kongo, wakakata bahari moja kwa moja?"

Alikuwa na chungwa mkobani. Nikamwomba, nikachomoa uzi kwenye pindo la blanketi, nikamwomba tena anishikie. Ncha moja tuliiweka kiunoni mwa chungwa, upande wake; ncha ya pili tukaiweka juu kidogo, upande wa nyuma. Kisha nikauvuta uzi ukakaza. Haukuzunguka kiunoni kama alivyotarajia. Ulipanda, ukapita begani mwa chungwa, ukashuka upande wa pili. Akauangalia kwa makini, akausogeza kwa kidole hadi kiunoni, uzi ukalegea na kurudi ulikokuwa.

"Aa," akasema, "kumbe iliyonyooshwa ni ramani."

Sijasikia mwalimu aliyelieleza vizuri kuliko hivyo. Ramani nyingi tulizozizoea ukutani zimefuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa ili nahodha aweze kushika uelekeo mmoja wa dira. Ni mchoro wenye manufaa yake, ila huvuta nchi za kaskazini zikawa kubwa kupita kiasi, na njia fupi ya kweli huifanya ionekane imepinda. Ukiufuata mstari mfupi kabisa juu ya tufe kutoka Nairobi hadi New York, unapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger na kusini mwa Algeria. Unatokea Morocco jirani na Marrakech, unavuka bahari juu ya visiwa vya Azores, unapanda kaskazini zaidi ya New York kwenyewe, ndipo unashuka.

Kwa hiyo anayetazama karatasi huona mtu anazunguka, kumbe yule mtu ananyoosha. Wako vijana wanaoacha kazi ya ofisini wakarudi kujifunza ufundi, na wazazi wakasema wamepotea njia. Wako wanaoahirisha chuo ili wafanye biashara ndogo kwanza. Huenda kweli wamepotea. Lakini huenda pia sisi tunawatazama kwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya safari za watu wengine.

La pili ni upepo, na hili ndilo hasa linaloizaa ile saa moja. Juu sana, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi ambako ndege kubwa huruka, mna mikondo ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Huzaliwa pale hewa baridi ya ncha ya dunia inapokutana na hewa ya joto ya kusini mwake, na mzunguko wa dunia huipinda ikaelekea mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini hupata nguvu zaidi, na mara nyingine kasi yake hupita kilomita 300 kwa saa. Ndege huenda takriban kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Hewa hiyo yenyewe ikiwa inakuja kutoka mbele kwa kasi ya kilomita 100, ardhini umesogea 800 tu. Ikiwa inakusukuma kutoka nyuma, umesogea 1,000. Rubani hajafanya bidii zaidi wala pungufu.

Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa ikivuma juu ya Atlantiki, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London chini ya saa 5, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6. Ilikuwa Boeing 747, aina iliyoanza kubeba abiria mwaka 1970. Ndege zilizokuwa zikielekea upande wa pili usiku huo zilikuwa zikipambana na upepo uleule, na hakuna aliyeandika habari zao.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba upepo huo hauonekani kwa aliye chini. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Ooishi, aliupima kwa maputo miaka ya 1920 na akaandika matokeo yake, ila walioyasoma walikuwa wachache. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliotumwa kuipiga Japani walijikuta wakisukumwa na kuzuiwa na nguvu ambayo hawakuwa wameitarajia. Upepo ulikuwapo siku zote. Waliosimama ardhini ndio hawakuwa na habari nao.

Wazee wetu wa pwani jambo hili walilijua kwa njia yao. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyengoja Mombasa au Lamu hadi upepo ugeuke hakuitwa mvivu. Mji mzima ulijua msimu, watoto kwa wakubwa, kwa hiyo mji mzima ulijua kwa nini amengoja. Leo tumepata ndege na simu, lakini ule ujuzi wa kuuliza upepo wa mtu umetupungukia. Bado methali ya mabaharia tunaitamka, usisafirie nyota ya mwenzio, na bado tunawasukuma watoto wetu baharini kwa nyota za jirani.

La tatu ni mzigo, pamoja na mahali unapoanzia. Ukipita ukumbi wa kuondokea Nairobi jioni utaona familia zimepiga magoti sakafuni, masanduku yamefunguliwa, unga unatolewa hapa ukatiwa pale, majani ya chai yanahamishiwa begi la mkononi ili mizani ikubali. Tunadhani mzigo wa ndege ndio huo. Mzigo mkubwa kuliko yote ni mafuta. Matangi ya Boeing 787-8 yakijaa hubeba zaidi ya lita 120,000, yaani karibu tani 100, na uzito wote unaoruhusiwa wakati wa kupaa ni kama tani 228. Kadiri safari ilivyo ndefu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mafuta inavyotumika kuyabeba mafuta mengine yatakayotumika mbele.

Juu ya hapo, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Bawa hupata kidogo cha kushikilia, injini hupata hewa pungufu ya kuvuta, na joto la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ina urefu unaozidi kilomita 4, na ndiyo maana baridi ya usiku ni rafiki wa ndege nzito inayokwenda mbali. Uwanja wa John F. Kennedy uko ufukweni, mita chache tu juu ya bahari. Ndege ileile, yenye uzito uleule, hupaa kwa urahisi zaidi ikitokea kule.

Dada yangu mkubwa anaishi New Jersey, na ni muuguzi. Wenzake aliokwenda nao walisoma moja kwa moja, wakapata shahada, wakapandishwa vyeo, wakanunua nyumba. Yeye alifanya kazi za usiku katika makao ya wazee, akisoma somo moja au mawili kwa muhula. Nyumbani Mombasa jamaa walishangaa. Kila mwaka waliuliza kama amemaliza, na kila mwaka jibu lilikuwa karibu. Walichokuwa hawakitii hesabuni ni kwamba mwisho wa kila mwezi pesa zilikuja: karo yangu, karo ya mdogo wetu, dawa za baba za sukari, mabati ya nyumba ya bibi. Alipaa kutoka mahali pa juu, penye hewa nyepesi, akiwa ametubeba sisi sote. Wenzake walikuwa watu wazuri na wenye bidii, nami sina la kuwasema. Ila mizani yao haikusoma kama yake. Kila ukurasa nilioandika katika maisha yangu una sehemu ya zile saa zake za usiku, na siwezi kumsikia mtu akisema alichelewa nikanyamaza.

La nne ni anga yenyewe, ambayo si mali ya rubani. Ule mstari mfupi niliouonyesha kwa uzi juu ya chungwa hupita juu ya nchi za watu. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa safari za kawaida za abiria. Miezi michache baadaye, baada ya jeshi kutwaa madaraka Niger, watawala wapya walifunga anga ya nchi yao mwezi Agosti, ikafunguliwa tena Septemba. Ndege zilizozoea kukatiza huko zililazimika kuzunguka, zikachoma mafuta zaidi na kufika baadaye. Abiria aliyelala ndani hakujua lolote.

Nawafikiria watu wa kizazi chetu ambao njia zao zilifungwa hivyo. Mtoto aliyekuwa darasa la nane shule ilipofungwa kwa sababu ya machafuko. Kijana wa Goma aliyelazimika kuanza upya katika nchi jirani, kwa lugha nyingine ya kusomea. Msichana aliyeacha shule kwa sababu mama aliugua na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Njia fupi ilikuwepo, na wao waliijua. Ilifungwa na wengine, nao wakazunguka. Mtu aliyezunguka namna hiyo akafika, hata kama amefika miaka kumi baadaye, amesafiri umbali mrefu kuliko sisi.

La tano ni waliotangulia. Safari ya kwanza ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York iliondoka tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla yake kulikuwa na kazi nyingi isiyoonekana dirishani: kupanga upya uwanja, kurekebisha usimamizi wa usafiri wa anga, hadi Februari 2017 Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Bila hilo, ndege ya Kenya isingeruhusiwa kufungua njia hiyo. Anayepanda leo huhesabu saa 15. Zile saa zimekaa juu ya miaka ya watu wengine.

Tena turudi nyuma zaidi. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya kukodi. Tom Mboya alikuwa amezunguka Marekani akiwatafutia nafasi za masomo na nauli. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walisaidia kuomba michango, na mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani jamaa na vijiji vilichanga. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Mmoja wao, aliyesafiri mwaka 1960 kwenda chuo kidogo cha Atchison, Kansas, alikuwa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Wakati huo hapakuwa na ndege iliyoweza kubeba abiria kutoka Nairobi hadi New York bila kutua. Walisimama njiani, wakajaza mafuta, wakaruka tena. Lakini kama wao wasingekwenda polepole, wengi wetu tusingekuwa na sababu ya kwenda haraka.

Kwa hiyo aliyefika mapema ana la kushukuru. Mara nyingi alipita njia iliyokwisha kusafishwa, upepo ukiwa mgongoni. Sisemi hakufanya bidii; injini zake zilikuwa zikifanya kazi muda wote. Nasema tu kwamba upepo wa nyuma hausikiki ndani ya ndege. Ukiwa nao, huoni unasukumwa. Unaona tu kwamba unakwenda vizuri, na ni rahisi kudhani kwamba wewe ndiwe uliyeifanya kasi yote.

Wala sisemi haya ili mtu apate kisingizio cha kukaa. Upepo wa mbele haumpi rubani ruhusa ya kuzima injini. Kila siku, vituo vya Gander nchini Kanada na Shanwick vinavyosimamia anga ya Atlantiki ya Kaskazini huchora upya njia za ndege kwa kufuata upepo wa siku hiyo, ili wanaokwenda mashariki waupate na wanaokwenda magharibi waukwepe. Rubani huomba kimo kingine, huongea na wenzake walio mbele, huhesabu mafuta. Anayepigwa na upepo ana kazi zaidi kuliko yule mwingine: lazima aujue, aupime, atafute pengo. Kijana anayeanzia mahali pagumu namwambia hivyo bila kumficha. Itakuchukua muda mrefu zaidi, nawe utahitaji akili zaidi njiani. Usipoteze hata tone moja la mafuta kwa kumtazama aliyekupita.

Kinachonifundisha zaidi, hata hivyo, ni ile ratiba. Shirika la ndege linajua kwamba kwenda ni kugumu kuliko kurudi, kwa hiyo linaandika hivyo waziwazi: huku saa 15, huku saa 14. Hakuna abiria anayeshuka New York akimfokea rubani kwamba wa kurudi walitumia saa 14. Upepo umekwisha kuhesabiwa kabla tiketi haijauzwa. Ndege iliyotumia saa 15 imefika kwa wakati wake, na inapigiwa makofi yaleyale inayopigiwa nyingine.

Tungeweza kuwaandikia watu wetu ratiba za namna hiyo. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake huchota maji na kulea wadogo zake kabla ya kengele ya asubuhi anaweza kuyasoma maksi yake kwa jicho jingine, bila kumpunguzia mtihani. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja aliyezaliwa wakati wa neema na mwingine wakati wa dhiki, anaweza kuacha kuwashindanisha. Mwajiri anayesoma wasifu wenye miaka mitatu mitupu katikati anaweza kuuliza kwa upole miaka ile ilikwenda wapi, kabla hajaiweka karatasi kando. Na kila mmoja wetu, akijitazama usiku na kujihukumu kwamba amechelewa, anaweza kujitendea haki ileile ambayo shirika la ndege humtendea rubani.

Dada yangu alipata shahada yake. Siku ya sherehe mjomba alisimama kusema machache, akaanza na maneno kwamba hatimaye, baada ya safari ndefu, amefika. Watu wakacheka kwa furaha, naye akacheka nao. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba kwa hesabu yangu amefika kwa wakati, kisha nikawataja mmoja mmoja wale aliowabeba, nikianza na mimi mwenyewe. Ukumbi ulinisikiliza. Tangu hapo, katika ukoo wetu, swali limebadilika kidogo. Mtu akikawia, wako wanaouliza kwanza: alianzia wapi, upepo ulikuwa upande gani, na alikuwa amembeba nani?